Filamu ya Baba Hukuwa na Ruhusa ya Kuitoa

Hayes, London

Mdogo wangu Danieli,

Hujambo? Mama anaendeleaje na magoti yake? Mimi mwili mzima, ila moyo umenichafuka, na wa kulaumiwa ni wewe.

Ulinitumia lile kopo la bati ukasema, "Dada, mpelekee mzee wa Southall, nimeshaongea naye, ni filamu tu ya zamani." Filamu tu! Jumamosi nikatoka shifti ghalani bila hata kunywa chai, nikapanda treni. Mzee mwenyewe ni Mpunjabi mzaliwa wa Nakuru, Kiswahili anakimwaga, kazi yake siku hizi ni kukusanya filamu kuukuu. Wenzake wawili walikuwa sebuleni wakiningoja. Wakaiweka kwenye mashine ya sinema, kumbe ni ile komedi ya Wafaransa, mkulima anamkimbiza ng'ombe wake mpaka kanisani katikati ya harusi. Wakashangilia kama watoto. Kwenye nakala yetu nyasi bado ni za kijani, ilhali zao rangi zimechakaa, zimegeuka nyekundu zote. Tena katika nakala zao kile kipande cha harusi kilishakatwa.

Halafu mashine ikatoa sauti ya baba. Umesahau, Danieli? Alipokuwa akionyesha sinema za misheni, padre alimpa kifaa arekodi maelezo ya Kiswahili kwenye filamu yenyewe, juu ya Kifaransa, ili watu waelewe. Tangu tumzike, hatuna sauti yake popote pengine.

Yule mzee akacheka mpaka machozi, kisha akasema, "Baba yako alikuwa fundi, dada. Lakini nitaifuta sauti yake, niweke Kifaransa. Sisi tunataka picha kama ilivyotoka kwao."

"Hufuti kitu," nikamwambia.

Akanijibu kwamba mmeshakubaliana. Ulikubali! Ulipata wapi ubavu huo, bila kumwuliza mama? Nikaitoa filamu kwenye mashine kwa mikono yangu, nikaondoka wakinikodolea macho. Kwa hasira nilipitiliza kituo changu.

Nisalimie shangazi aliyetulea, na mkeo. Mama usimsalimie tu, kaa naye umweleze ulichotaka kufanya. Filamu nitakuja nayo mwenyewe.

Nawe hukuwahi hata kuisikiliza, ndiyo maana. Ng'ombe anapoingia kanisani, mtoto analia karibu na kinasa sauti. Baba anaacha kusimulia, anasema, "Danieli, usilie, baba, ni ng'ombe wa picha tu. Njoo ukae hapa kwangu." Na unanyamaza.

Dada yako,
Agnesi