Mtoto wa Tatu wa Mama

Kaka Elia,

Pensheni ya mama ilikufa mwezi wa tatu mwaka juzi, siku mwajiri wenu alipojitoa kwenye mfuko wa pensheni. Miaka ishirini na sita alipika kwenye taasisi hiyo hiyo ambayo na wewe ulikuja kuajiriwa. Makato ya miezi mia tatu na kumi na miwili, akapewa kitita kimoja ambacho hakikufika Krismasi ya pili. Nimekupigia huko Dodoma mara kumi na tisa, hupokei. Basi nakuandikia mbele ya watu.

Unakumbuka siku za mshahara? Tulimsubiri Mnazi Mmoja na yunifomu zetu, akatununulia mihogo ya kuchoma, kisha akafungua karatasi ya mshahara. Wewe unasoma, mimi najumlisha. Ukifika kwenye makato ya pensheni unanuna: "Mama, wanakuibia hawa!" Anacheka. "Huyo ni mtoto wangu wa tatu. Nyie mkioa na kuolewa mkanisahau, yeye atanilea."

Tulimwonea wivu mtoto huyo, kaka.

Halafu ukawa mwenyekiti wa wafanyakazi. Mlinzi wenu Mzee Shabani alipofariki, ulizungusha karatasi ya rambirambi kama ilivyo desturi yenu: jina, kiasi, sahihi. Hakuna anayesoma, maana nani anakagua msiba? Chini yake kulikuwa na karatasi nyingine, ya kukubali kujitoa kwenye mfuko wa pensheni. Mama hakuwa na miwani. Alikwambia, "Niandikie elfu tano, mwanangu. Nisaini wapi?" Ukamwonyesha: hapa, na hapa.

Miezi miwili baadaye ukapandishwa cheo, ukahamia Dodoma.

Sasa mama yuko dukani kwangu Kariakoo, anapanga mabeseni. Mimi nilianza na mabeseni sita chini ya mwavuli, leo nina fremu mbili. Kumlisha naweza. Ila akitaka hela ya dawa za presha anazungukazunguka kwanza, kama mtu aliyekuja kukopa. Jana jirani yangu Mama Husna kamtania, "Bibi, si una mwenyekiti Dodoma wewe?" Mama akasema tu, "Elia hawezi." Akainamia mabeseni yake, hakunyanyua uso mpaka tunafunga. Karatasi zake zote za mshahara bado ziko kwenye begi lako la shule. Hataki niliguse.

Mimi matumaini yameniisha. Rufaa ya kudai pensheni ile inafungwa Ijumaa saa tisa alasiri, na nimeambiwa wazi: bila aliyezishika karatasi zile kueleza zilivyozungushwa, hatuna kesi. Si mama peke yake. Wenzake kumi na mmoja wa jikoni walisaini msiba ule ule.

Sitaki pole, sitaki "nitakupigia". Nijibu kwa maandishi kabla ya Ijumaa saa sita mchana: ulipomwonyesha mama pa kusaini mara ya pili, ulijua?

Mama anakusalimu. Mimi bado.

Mdogo wako