Zamu za Atu Nilizompa Mgeni

Mbeya, Jumatano, Juni 1975. Ukungu haujaondoka tangu asubuhi.

"Wageni hawachukui kitu kwetu, wanaleta mikono tu." Hayo ameyasema mkuu wa chuo kikaoni leo, na wakufunzi wakapiga makofi.

Si kweli. Wamechukua zamu tatu za Atu za kuzalisha. Aliyewapa ni mimi.

Wageni wenyewe ni wauguzi wawili wa Kimarekani, wanaosomea kupima na kutibu bila kumngoja daktari. Wamekuja mwezi mmoja kujifunza kwa kuhudumia. Niliwapeleka kwenye zahanati moja huko Mufindi pamoja na Atu, mwanafunzi wangu wa ukunga.

Mimi, niliyeandika magazetini kwamba ukoloni umebadili nguo tu! Waliposhuka kwenye Landrova nikasahau makala zangu zote.

Mara tatu mama alifika wakati wa kujifungua. Mara tatu nikamwita Susan, mmoja wa wageni hao, nikamkabidhi Atu trei ya vifaa. Mama wa tatu alikuwa akimtafuta Atu kwa macho, maana ndiye aliyemkanda mgongo tangu alfajiri. Sikumuuliza anamtaka nani.

Susan ndiye aliyeuliza. "Mbona Atu hazalishi? Anajua kuliko mimi."

"Wewe ni mgeni wetu," nikamjibu, kama ninayemsogezea paja la kuku.

Leo Atu ameniletea daftari lake la mazoezi. "Mkufunzi, hapa niandike nini? Kwamba nilishika trei vizuri?"

"Andika hukutetemeka, dada!" mwenzake akadakia.

Atu hakucheka. Mtihani ni wiki ijayo, naye amepungukiwa na akina mama watatu wa kuzalisha. Bila idadi kamili haruhusiwi kuingia. Atarudi kwao Tukuyu kungoja mwaka mzima.

Ningeweza kuwalaumu Wamarekani. Makala imeshajiandika kichwani, tena kali.

Ingekuwa uongo.

Jioni hii nimeiandikia kamati ya mitihani: kosa ni langu, Atu apelekwe wodi ya wazazi kesho na apewe nafasi ya kukamilisha. Nimetia sahihi. Sijui kama watakubali.

Ukurasa huu naubandika ofisini kwetu. Ninyi wakufunzi mliopiga makofi, fungueni madaftari ya wanafunzi wenu kesho, mbele yao. Mkikuta zamu mliyompa mgeni, iandikieni kamati kabla ya mtihani, na mtaje majina yenu.