Tulivyomlilia Kaka Aliyezikwa Baharini

Lubumbashi, Jumanne, 6 Juni. Asubuhi ya baridi, bila wingu.

Mjukuu wangu Mwamba,

Sisi wazima, dada yako amejifungua salama. Unauliza utamliliaje rafiki aliyezama asionekane. Utaweza.

Wakati wa vita, helikopta ya jeshi ililipuka juu ya meli, ikamwua kaka yangu Ilunga, aliyekuwa baharia humo. Alizikwa baharini, mwili wake hatukuuona. Mama hakuamini, akakataa chakula na usingizi. Ndipo akaingia Chola, mtani wa ukoo wetu, ambaye kazi yake kilioni ni mzaha. Alivaa koti la kaka, akiiga mwendo wake.

“Mama, njaa! Bukari iko wapi?” Chola akadai ugali wetu.

“Mwizi we! Vua koti ya mutoto wangu!”

“Baridi hii? Unataka nife tena?”

Mama alicheka, kisha akalia kwa mara ya kwanza. Akala.

Mtafute anayejua kumwiga rafiki yako. Jioni ile ya mzaha wa Chola niliandika daftarini mwangu: Mama amelala kwa saa mbili.

Bibi yako