Jino la Hajira

Zahanati ya Chanika,
Handeni,
13 Machi 1977

Mdogo wangu Zamda,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji yangu Sadala na watoto, hapo kijijini Mashewa. Sisi hatujambo, ila goti langu la kushoto linanisumbua kila mvua ikikaribia.

Barua yako niliipata Jumatano. Nilipoona mwandiko ni wako mwenyewe, nilimwita Mwantumu aje aone. Alicheka akasema kisomo cha watu wazima kimempata mwanafunzi, na kwamba sasa nijihadhari, maana wifi yake ataanza kunisahihisha.

Umeniandikia kwamba binti yenu Hajira amekataa kwenda kusomea ualimu, kwa kuwa hawezi kusimama mbele ya watoto hamsini wamhesabie meno. Ukasema pia kwamba mdogo wake Mwanaidi, naye sasa ana miaka minane, ameota jino vilevile: la mbele juu, limeingia nyuma, na akifunga mdomo linajificha ndani ya meno ya chini. Sadala amewaambia msihangaike, kwani Bwana Mganga alikwisha kusema tangu zamani kwamba meno ya namna hiyo hayana dawa ya karibu.

Bwana Mganga huyo ni mimi, na ndiyo sababu ya barua hii.

Acha nikueleze, maana kueleza ndiyo kazi ninayoiweza. Ugumu wa kunyoosha meno haupimwi kwa ubaya unaoonekana. Mtoto anaweza kuwa na meno yanayotisha, na kazi yake ikawa nyepesi. Mwingine ukamwona mzuri, kumbe taya lenyewe ndilo lililokwenda upande. Kwa jino kama la Mwanaidi, unamwambia mtoto afunge mdomo polepole, ajaribu kugusanisha meno ya mbele ncha kwa ncha. Akiweza, mara nyingi taya halina kosa, ni jino moja tu lililopotea njia. Ikiwa nafasi ipo na mtoto bado mdogo, hupewa kijiti bapa kama kile tunachokandamizia ulimi, akakiweka nyuma ya jino hilo na kukiuma taratibu mara nyingi kwa siku, huku mganga akimwangalia. Jino huweza kurudi mbele baada ya wiki chache. Kijiti tu, Zamda.

Mwaka 1968 mliponiletea Hajira, sikumwambia agusanishe chochote. Nilimfunua mdomo, nikatazama, na sikujua. Lakini wazee walikuwa wamekaa barazani wakisubiri neno la msomi wao, na Mzee Rehani alikwisha kunitania kwamba Serikali imenifundisha kung'oa tu, kama mtu anayevuna mihogo. Nikaona haya kusema sijui. Nikasema taya limepinda, kazi hiyo ni ngumu mno, ni ya miaka, na vyuma vyake havipatikani hata Tanga. Nilieleza vizuri sana. Hata Mzee Rehani aliacha utani. Hajira ndiye aliyeniuliza kama jino halitarudi hata akiacha kucheka. Nikamwambia hata hivyo halitarudi.

Ungeweza kunisamehe hapo, kwa kuwa kutojua si dhambi. Lililobaki ndilo linaloniinamisha kichwa.

Mwaka 1970 tuliitwa semina Korogwe, na mtaalamu wa meno kutoka Dar es Salaam akatuonyesha jino kama lile, na kile kijiti. Hajira alikuwa na miaka kumi. Muda ulikuwepo. Siku ile ningepanda gari nije kwenu. Sikuja, kwa sababu ningelazimika kuketi barazani palepale na kusema nilidanganya. Kila mwaka nilijiambia mwakani. Na barua zangu zote ni Hajira aliyekuwa akikusomea. Nikafanya hiyo kuwa sababu yangu nyingine. Sasa unasoma mwenyewe, na mimi sina tena pa kujificha. Ana miaka kumi na saba, mfupa umekomaa, na kwake imekuwa kweli ile kazi ngumu niliyoitaja kwa uongo.

Mwanaidi asipotezewe hata mwezi. Mjaribu leo, ncha kwa ncha, uone. Kijiti msimpe bado. Jumamosi nitakuja, na Jumatatu nitampeleka Tanga kwa daktari wa meno. Safari hii sitapima peke yangu. Daktari huyo nitamwuliza pia la Hajira, nimwulize kama mtu asiyejua.

Mwambie Sadala awaombe wazee waliobaki wafike barazani Jumamosi hiyo baada ya adhuhuri. Yeye mwonyeshe barua hii. Hajira usimwonyeshe.

Mwantumu anakusalimu sana. Nisalimie Sadala, Mwanaidi na majirani wote. Hajira simtumii salamu. Sitaki zitangulie kabla yangu.

Ni mimi kaka yako,
Isihaka Mdoe