Lori la Maji Nyuma ya Ukumbi

Kwako Kaka mpendwa,

Salamu zangu zikufikie huko mpakani ukiwa mzima, kifua kimepoa na miguu ni mikavu, maana mara ya mwisho ulilalamika kwamba buti mlizogawiwa zinavuja. Na yule mwenzako anayekoroma, amehamishwa au mmeshamzoea? Sisi huku hatujambo. Mama mkwe anaendelea vizuri, ni goti tu linalomsumbua. Ulimi wake, kama unavyoujua, hauna ugonjwa wowote. Mimi nipo kazini kama kawaida, nashona na kurekebisha nguo za wasanii katika ukumbi wa mji. Barua hii naiandika juu ya meza ya cherehani wakati wenzangu wamekwenda kula.

Usishtuke kwa urefu wake. Nina habari ambayo nataka uipate kwangu kabla hujaipata kwa wakubwa wako, na siwezi kuieleza bila kuanza na mgeni wetu.

Bila shaka ulisikia kwamba mchekeshaji kutoka ng'ambo ya mpaka alialikwa kwetu. Ndiyo, kutoka kwa hao hao mnaotazamana nao kwa darubini. Kwao amefungiwa majukwaa na redio kwa sababu anawatania mawaziri wao, na wakubwa wetu waliposikia hivyo walifurahi kama watu waliookota pochi njiani. Magazeti yakamwita shujaa wa ukweli. Afisa utamaduni akasema shujaa kama huyo asilale hotelini, alale nyumbani kwa raia wa kawaida, ili auone ukarimu wetu na apigwe picha akiuona. Nyumba ikawa yangu, kwa kuwa iko karibu na ukumbi na ina chumba kitupu tangu shemeji yako ahamishiwe kazi mji mwingine.

Mama mkwe alikuja juu. Unajua mdogo wake aliuawa katika vita vile vya mpakani, na picha yake mpaka leo iko ukutani juu ya redio. Alisema mtu huyo atalala, kwa kuwa serikali imeamua, lakini yeye hatamsemesha wala kumwitikia. Basi mgeni akaja, mzee mwembamba, mkononi sanduku moja, na shati lililopigwa pasi kuliko ninavyopiga mimi za kwangu. Alipoiona ile picha alisimama mbele yake, akavua kofia. Nilianza kumpenda pale pale.

Mezani ndipo nilipopata kazi ya ziada. Mama mkwe ananiambia nimwambie huyo mtu kwamba sukari ile pale. Mgeni ananiambia nimwambie mama kwamba ameiona, anashukuru. Watu watatu kwenye meza ambayo viwiko vinagongana, lugha yenyewe moja, na mimi katikati napokea na kupeleka! Mwishowe mgeni akaniomba nimfikishie mama ujumbe mmoja zaidi: kwamba yeye amevuka mipaka mingi, lakini hajawahi kuona afisa wa uhamiaji aliyechoka kama mimi, na kama mama ataridhia, afisa apewe likizo fupi anywe chai yake kabla haijapoa. Mama mkwe akabana midomo. Akabana tena. Kisha, Kaka, chai ikamtoka puani.

Tangu hapo wakawa hawaachani. Mama alimsimulia habari za mdogo wake, hata zile ambazo mimi mkwe wake sikuwahi kuzisikia, na mgeni alisikiliza bila kutia neno la kuwatetea watu wake. Asubuhi alifagia ua kabla hatujaamka. Mabomba ya mtaa wetu bado ni makavu, kwa hiyo alibeba madumu pamoja nami hadi kwenye kisima, na njiani akiwasalimu watu wote, hata wale waliomgeuzia mgongo walipoisikia lafudhi yake. Nilimwona fundi viatu akimgeuzia mgongo siku moja na siku iliyofuata akimshonea soli bure. Mimi ni mtu wa kukosoa, unanijua, lakini kwa mzee yule nilitafuta kasoro nikakosa.

Kitu kimoja nilimuuliza. Mbona anatutania hivi, sisi tunaompa chakula na mahali pa kulala? Maana alishaukejeli mlango wangu unaolia, alishaukejeli ukali wa mama mkwe, hata kuku wetu alipata fungu lake. Akaniambia kwamba katika kazi yao msanii akipokelewa vizuri ni lazima awatanie wenyeji kabla hajaondoka. Kusifu ni kwa mgeni aliyeketi sebuleni tu. Ukimtania mwenyeji unamwambia umeingia mpaka jikoni kwake, umeyaona yote, na bado unampenda. Kuondoka bila kufanya hivyo, alisema, ni sawa na kuondoka bila kuaga. Nilifurahi kusikia hayo, wala haikunipitia akilini kwamba wenyeji wake hatukuwa mimi na mama mkwe peke yetu.

Siku ya onyesho Mheshimiwa mwenyewe, mkubwa wa wakubwa wote, alitarajiwa. Kwa hiyo asubuhi lilikuja lori la maji, likaegeshwa nyuma ya ukumbi, mpira ukaunganishwa kwenye tangi, na vyoo ambavyo vilikuwa vikavu tangu mwaka jana vikaanza kutoa maji kama vya nchi nyingine. Wasafishaji wetu walipanga foleni kuosha nywele. Mgeni, aliyekuja mapema kujaribu jukwaa, aliyaona yote hayo, akatabasamu.

Onyesho lilirushwa moja kwa moja na redio yetu, maana wakubwa walitaka nchi nzima imsikie adui akijianika. Nilimfunga mgeni kifungo cha mwisho, kisha nikapanda juu kwenye roshani ya taa, ambako fundi wa taa huwa ananiwekea kigoda. Mzee akaanza. Alisimulia jinsi waziri wa maji wa kwao alivyokwenda kuzindua bomba la kijiji. Bomba lilikuwepo, kamera zilikuwepo, kwaya ilikuwepo, kilichokosekana ni maji. Ikabidi lori lifichwe nyuma ya ukuta na kuunganishwa na bomba. Waziri akafungua koki, maji yakaruka, kwaya ikaimba, naye kwa furaha akahutubia mpaka lori likaishiwa maji na bomba likaanza kukoroma katikati ya ahadi zake. Watu walivunjika mbavu. Mheshimiwa alifuta machozi kwa leso.

Halafu mzee akashukuru. Alitushukuru kwa kitanda, kwa chakula, kwa mama mmoja aliyemruhusu avuke mpaka wa meza. Akasema limebaki jambo moja tu linalowasumbua watu wa kwao: lile lori la waziri lilipotea siku ile ile, polisi wamelitafuta nchi nzima bila mafanikio. Lakini yeye anatushukuru sana ndugu zake, kwa sababu leo asubuhi ameliona nyuma ya ukumbi huu, zima, halina hata mkwaruzo.

Kaka, ukumbi mzima ulifyata ulimi. Watu waliokuwa wameinua mikono wapige makofi waliishusha magotini. Hakuna aliyekohoa. Na katika kimya hicho mtu mmoja akacheka, kutoka juu, gizani. Kicheko kinene kilichotoka tumboni, kikaenda mpaka kikaisha chenyewe. Mzee akainua uso kule kilikotoka, akainama kama anavyoinama mtu aliyeagwa vizuri. Pazia likafungwa haraka.

Kesho yake alipandishwa gari akarudishwa kwao, hata mkate aliofungiwa na mama mkwe aliupokea dirishani. Shujaa wa ukweli akawa mtukanaji asiye na adabu, katika magazeti yale yale, na mwandishi aliyeandika la kwanza ndiye aliyeandika la pili. Na usidhani kwao ni bora. Redio yao iliyomfungia sasa inarusha kipande cha mwisho kutwa kucha, na kicheko chake, ikisema ni sauti ya raia jasiri aliyechoka na serikali yetu. Habari za waziri wao wamezikata zote. Sisi tumechapisha mwanzo, wao wanarusha mwisho, na anayetaka kukisikia kichekesho kizima hana pa kukisikilizia. Mzee mwenyewe, nasikia, bado haruhusiwi jukwaani. Lakini amemtumia mama mkwe salamu kupitia dereva wa mizigo, anauliza kama afisa amesharudi kutoka likizo.

Sasa ndiyo nafika kwenye lililonitoa kijasho. Wakubwa wanamtafuta aliyecheka. Sauti ilikuwa nzito, ilitoka roshani, na mwanamume aliyekuwa roshani ni mmoja. Fundi wa taa amesimamishwa kazi. Ameambiwa akiri kwa maandishi au amtaje aliyekuwa naye, la sivyo mwisho wa wiki atoe vitu vyake katika nyumba ya watumishi, yeye na mkewe mjamzito. Anajibu kwamba alikuwa anaangalia taa. Jana nilimkuta nje ya ofisi, nikataka kusema naye, akanipita kama hanijui, na nilielewa kwamba alifanya hivyo kwa ajili yangu.

Ni mimi, Kaka. Kicheko hicho ni changu. Kama mmekisikia huko, na najua mnasikiliza redio yao ingawa mmekatazwa, basi huenda ulishakitambua, wewe uliyekuwa ukisema nikicheka watu wanadhani jenereta limewaka. Usiamini habari za raia jasiri. Sikuwaza serikali wala nchi. Nilikuwa nimebeba madumu wiki nzima, halafu nikaona wasafishaji wanaosha nywele chooni, halafu mzee akasema vile, na kwa kweli ilichekesha. Woga ulikuja baadaye, na mpaka leo haujaondoka.

Kesho asubuhi nakwenda kwa wakubwa kusema. Wasiponiamini nitawachekea, wataamini. Ninachoogopa ni wewe. Umesubiri nyota ya pili begani kwa muda mrefu, na dada yako kuwachekea wakubwa pamoja na mtu wa ng'ambo hakutakusaidia. Nimelia kwa hilo. Lakini siwezi kuwaacha yule mtu na mke wake watolewe vitu nje kwa sababu ya furaha yangu. Unisamehe. Ukishindwa kunisamehe, uniandikie hivyo hivyo, mradi uniandikie. Barua naitia posta leo, ili kesho nisipate pa kugeukia.

Shemeji yako nimempigia simu, amesema anakuja. Mama mkwe anakusalimu sana. Kesho nakwenda naye. Anasema kama wanaandika majina ya waliocheka, yeye alicheka nyumbani, mbele ya redio, chini ya picha ya mdogo wake, na dirisha lilikuwa wazi. Wasalimie wenzako wote, hata anayekoroma.

Na wewe ndugu unayefungua barua za askari kabla hazijawafikia, salamu zako pia. Umemtangulia kaka yangu kujua, sikulaumu, ni kazi. Ila kama mahali popote humu umecheka, hata kwa pua, nakuomba ubandike bahasha taratibu, umpelekee.

Ni mimi dada yako akupendaye,
fundi nguo wa ukumbi wa mji.