Kioo cha Buluu Kidondani mwa Baba

Apia, Jumatano

Kwa kaka yangu Pelenato,

Salamu nyingi zikufikie huko Auckland, wewe, wifi Malia na watoto. Natumaini hamjambo. Sisi tu wazima, ila mimi nimechoka, kaka, uchovu usiotoka kwa kulala.

Barua yako tumeipata. Baba alifurahi kusikia unakuja kwenye sherehe ya shukrani ya mguu wake. Kidonda kimefunga kabisa. Sukari ndiyo bado, maana kwa kakao yake tamu hasikii la mtu. Huko kanisani anatamba kwamba wenzake hukanyaga kioo wakaumia, yeye kakanyaga akapona.

Kioo chenyewe nilikueleza: ni dawa, nyuzi za kioo laini kama pamba, zinayeyuka kidondani na kuamsha nyama mpya. Pakiti nyingine zimetiwa shaba, nyingine hazina. Ni majaribio, kwa hiyo kila mgonjwa ana pakiti zenye namba yake, na sisi wauguzi hatutakiwi kujua nani kapata nini. Lakini shaba ina rangi. Ukifungua tu, yenye shaba ni ya buluu.

Tavita, yule dereva wa basi, alianza matibabu hayo siku moja na baba. Mwezi uliopita walimkata mguu chini ya goti. Kila asubuhi nilikuwa namsafisha kigutu, naye ananitania kwamba kiatu kinachobaki nimpelekee baba kiwe akiba. Juzi alisema baba ana nyota, yeye alipewa pamba ya kuchokonolea masikio. Nilicheka naye, kisha nikaenda stoo nikalia.

Kaka, ni mimi. Siku ya kwanza, pakiti za Tavita zilikuwa za buluu, za baba nyeupe. Kidole cha baba kilishaanza kunuka. Nikazibadilisha, wiki sita mfululizo. Labda mguu wa Tavita ungekatwa vyovyote. Hakuna ajuaye, na mimi ndiye niliyeharibu njia ya kujua. Jana nilimwambia daktari. Kazi sina tena. Baba naye nimemwambia.

Basi usije kwa sherehe. Njoo kwa kuwa wewe ndiye mkuu wa ukoo, na bila wewe radhi yetu si radhi. Kesho yake ukishafika, alfajiri, tutakaa mbele ya nyumba ya Tavita, tumejifunika ule mkeka mwororo wa marehemu mama, mpaka watoke kutufunua kwa kutusamehe, au wasitoke. Baba anasema naye atapiga magoti. Nilimkataza, nikamwambia atauumiza mguu wake. Akaniuliza, wa nani?

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Mdogo wako,
Sulu