Mkaja wa Zuhura

Jumatatu, tarehe 6 Aprili

Basi begi nimelirudisha nyuma ya mlango. Ndege hakuna kwa hii korona, nitafanyaje. Kila kitu nilishapanga humo. Pilipili manga, binzari, mafuta ya nazi, kanga za mtoto, na mkaja. Ule ule mwekundu, kitambaa kirefu shangazi alichonifungia tumbo nilipomzaa huyo huyo Zuhura. Mtoto wangu wa pekee, na sasa ana mimba yake ya kwanza. Yuko Ufaransa na mumewe, mji wa pwani. Bahari anaiona dirishani, kuikanyaga marufuku. Akienda dukani lazima ajiandikie karatasi ya ruhusa. Mtu mzima anajiruhusu mwenyewe! Nimecheka. Halafu nikalia.

Sokoni nimeenda. Tangawizi zinagombaniwa, kila mtu anajifukiza. Kila duka ndoo na sabuni, mikono imenichubuka. Nilikuwa nasema nini? Eeh, Zuhura. Kanifundisha kubonyeza hapa niongee. Mama, ukiwa na donge kooni liseme kwenye simu, usimtumie mtu, linabaki kwako. Kuandika sijui, tarehe naisikia redioni. Haya, nasema. Wanawake wa mtaa huu wakijifungua, nimewakanda mimi kwa maji ya moto. Wa kwangu wa kuzaa ndo simgusi.

Alhamisi, tarehe 9 Aprili

Kajifungua! Wa kike. Alhamdulillahi. Mkwe wangu Luka kapiga huku analia, shikamoo mama, shikamoo mama, mara tatu. Marahaba, sema basi! Kiswahili kakipata hapa hapa, alipokuwa kapanga Upanga. Mrefu yule, mlangoni kwangu anainama.

Nimesikia makofi nyuma yake. Nikajua majirani wanampigia mjukuu wangu. Kumbe kila jioni wanapiga, wanawapongeza manesi. Mimi nimehesabu ni ya mjukuu.

Jumatatu, tarehe 13 Aprili

Sina raha. Wametoka hospitali toka juzi. Maziwa kidogo, mgongo unamuuma, mtoto analia, Zuhura analia. Hali chakula cha maana. Jibini na mkate mkavu. Mzazi wa siku tano, jibini! Mama yake Luka yuko mji mwingine, naye kafungiwa. Hakuna mwanamke wa kuingia mlango ule.

Luka akasema, mama nifundishe, nitamkanda mimi.

Nikakata simu. Mwanaume hakandi mzazi. Marehemu mume wangu chumba cha uzazi alikuwa anasimama nje, anakohoa kwanza. Nikamwomba mtoto wa jirani aandike meseji kwamba bando limeisha. Halijaisha.

Jumanne, tarehe 14 Aprili

Luka kapiga mara nne. Sijapokea. Nina hasira. Na ndege, na huu ugonjwa, na Luka. Yeye ana mikono pale ambapo yangu haipo.

Wali nimeuunguza.

Jumatano, tarehe 15 Aprili

Leo sijui nianzie wapi. Mama Neema kaniona kibarazani, uso umevimba. Mpangaji mwenzangu, Mchaga, ana duka la vitenge, mdomo wake mzuri kwa kuuza. Binti yake Neema naye ana mimba, mwezi wa nane. Nikamweleza yote. Akashika kiuno.

"Kwetu mume ndo anamtafutia mzazi mbuzi, na mtori wa ndizi na nyama anapikiwa. Huyo wako ana mikono, hana?"

"Anayo."

"Sasa Bibi, unataka mtoto afe njaa ili wewe usione aibu?"

Kaniuma. Nimemchukia kama dakika mbili. Halafu nikampigia Luka simu ya video.

Sasa kumwonyesha, namwonyeshea mgongo wa nani? Mto hauna mgongo. Mama Neema akajilaza kifudifudi mkekani na gauni lake, mwili wote ule! Neema kashika simu, anacheka mpaka nikaogopa atazaa hapo. Nikachovya taulo maji ya moto, nikakamua, nikamwekea mgongoni.

"Pole pole Bibi, mimi sijazaa!"

"Nyamaza, wewe mfano."

Huku nafanya, kule Luka anafanya. Uipime joto mkononi mwako kwanza. Shuka chini taratibu. Usiparure, si sufuria. Mikono yake mikubwa, mepesi. Sikutegemea. Zuhura kafumba macho. Mkaja hawana, wamekata shuka. Nikamfunga Mama Neema, Luka akamfunga Zuhura. Uji wa pilipili manga kapika mwenyewe, una madonge, nimeyaona. Zuhura kamaliza bakuli.

Luka sijamwambia asante. Nimemwambia kesho saa ile ile.

Jumapili, tarehe 19 Aprili

Maziwa yametoka. Mtoto kashiba, kalala mdomo wazi. Wamempa jina langu. Nimemwambia Luka, wewe sasa ni mkandaji. Kafurahi kuliko siku ya ndoa.

Jumatatu, tarehe 18 Mei

Arobaini leo. Nimefunga saumu, sauti imekauka. Wafaransa walikuwa wanalalamika kufungiwa, Zuhura anasema yeye hakuona tofauti, mzazi yuko ndani tu. Leo wamemtoa mtoto. Wamefunguliwa nao, karatasi hakuna tena. Luka kambeba mpaka ufukweni, akanionyesha kwenye simu. Maji ya kwao bluu, kimya. Kamgusisha kidole cha mguu. Mtoto kakunja uso kama wangu.

Nikasogeza simu karibu. Tulikuwa tunaangalia tu.

Begi bado liko nyuma ya mlango. Nimelifungua asubuhi. Mkaja una harufu ya pilipili manga. Nilidhani nitalia, sikulia. Nimeukunja upya tu, nikauweka juu. Zuhura alipokuwa tumboni, nakumbuka, mvua ile, bonde la Jangwani limejaa maji, shangazi akavuka na...

Mama Neema huyo anaita. Neema karudi toka hospitali na mtoto. Maji yamechemka, anasema, Bibi njoo, na ule mkaja wako.

Haya. Naja!